Mtunzi na Mpigaji: Ligeti, Aimard na Swali la Mwenye Kazi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Msemo huu hutajwa mno katika mikutano ya harambee na katika hotuba za mahafali, hadi umechujuka masikioni mwa wengi. Hata hivyo, upo uwanja mmoja wa sanaa ambamo msemo huo haujapoteza makali yake hata kidogo, nao ni uwanja wa muziki wa piano, hasa ule wa Ulaya uitwao muziki wa klasiki. Katika uwanja huo, mtu mmoja hutunga na kuandika utunzi wake kwa noti juu ya karatasi. Mtu mwingine huketi mbele ya piano na kuyapa maandishi hayo uhai. Wa kwanza asipoandika, wa pili hana la kupiga. Wa pili asipopiga, kazi ya wa kwanza hubaki wino mtupu. Swali linalozuka ni hili: kazi inapokamilika na ukumbi ukajaa makofi, kazi hiyo ni ya nani?

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili swali hili si geni. Darasani hufunzwa kwamba katika fasihi simulizi fanani hutunga na kutenda kwa wakati mmoja mbele ya hadhira yake, ilhali katika fasihi andishi mwandishi huandika akiwa peke yake na msomaji husoma akiwa peke yake. Muziki wa klasiki umesimama katikati ya nyanja hizo mbili. Una maandishi kama riwaya, lakini hauna maisha bila utendaji kama ilivyo ngano. Kwa sababu hiyo, maisha ya watunzi na wapigaji wa muziki huo yana mengi ya kumfunza yeyote anayeshughulikia sanaa ya lugha.

Insha hii inaangazia maisha ya watu wawili: György Ligeti, mtunzi, na Pierre-Laurent Aimard, mpiga piano. Hawakuteuliwa kwa sababu tu ya umaarufu wao Ulaya. Wameteuliwa kwa sababu njia zao zilipokutana, zilikutana juu ya jambo ambalo chimbuko lake moja ni Afrika.

Ligeti alizaliwa tarehe 28 Mei 1923 katika mji mdogo wa jimbo la Transylvania, nchini Romania, katika familia ya Wayahudi waliozungumza Kihungari. Babake alitamani mwanawe awe mwanasayansi, na kijana mwenyewe alivutiwa na hisabati na fizikia. Lakini sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi zilimfungia mlango huo, naye mwaka wa 1941 akajiunga na chuo cha muziki katika mji wa Cluj. Alikuwa ameanza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka 14. Huo ni umri ambao wapiga piano wengi wanaokuja kuwa mabingwa huwa tayari wamefanya mazoezi kwa miaka mingi, na vidole vyao vimekwisha kuzoea. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina uzito katika yatakayofuata.

Mwaka wa 1944 Ligeti alipelekwa katika kikosi cha kazi za shuruti. Babake na mdogo wake waliangamia katika kambi za Wanazi. Mamake alipelekwa Auschwitz, akanusurika. Kijana huyo aliyepoteza nusu ya jamaa yake kabla ya kutimiza miaka 22 alikwenda Budapest, akasoma katika Chuo cha Muziki cha Franz Liszt, kisha akawa mwalimu hapo hapo. Alifundisha kanuni za muziki wa kale mchana. Usiku akaandika muziki wake mwenyewe, muziki ambao alijua wazi kwamba serikali ya Kikomunisti ya Hungaria haingeruhusu upigwe hadharani.

Mfano bora wa kazi hizo za kufichwa ni *Musica ricercata*, mkusanyo wa vipande 11 vya piano alioutunga kati ya mwaka wa 1951 na 1953. Kipande cha kwanza hutumia noti moja tu, ikipigwa juu na chini ya piano, kwa haraka na kwa polepole, kwa nguvu na kwa upole. Noti ya pili huja mwishoni kabisa. Kipande cha pili kina noti tatu, cha tatu kina nne, na kadhalika, hadi cha mwisho kinachotumia noti zote 12. Ni kama mshairi aliyejifunga kutumia silabi moja pekee ubeti mzima, akategemea mkazo, kimya na mpangilio wa mizani peke yake kuleta maana. Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo tu. La hasha. Mtu aliyenyimwa uhuru wa nje alijitungia sheria zake mwenyewe, na ndani ya sheria hizo akawa huru. Wanamapokeo wa ushairi wa Kiswahili, waliotetea vina na mizani katika mijadala mikali ya miaka ya 1970, wangemwelewa bila shida.

Mwaka wa 1956 Wahungari waliasi dhidi ya utawala wa Kisovieti. Inasimuliwa kwamba mwezi wa Novemba, mizinga ilipokuwa ikirindima mjini Budapest na majirani wamejificha chini ya majumba, Ligeti alibaki juu ili asikilize redioni muziki mpya uliokuwa ukirushwa kutoka Cologne, Ujerumani. Mwezi wa Desemba yeye na Vera, aliyekuwa mwandani wake, walitoroka. Sehemu ya safari walijificha ndani ya gari la moshi chini ya magunia ya barua, na sehemu iliyosalia wakatembea usiku hadi wakavuka mpaka wa Austria. Kiswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ligeti hakuwa na kwao pa kuchezea. Alizaliwa Romania akiwa Mhungari, akalelewa miongoni mwa Wahungari akiwa Myahudi, na akaingia Austria na Ujerumani akiwa mkimbizi. Ilimbidi atafute kutunzwa ugenini.

Huko Cologne alijifunza muziki wa mitambo ya umeme, na baada ya muda mfupi jina lake likaanza kuvuma. *Atmosphères*, kazi yake ya okesta iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1961, haina wimbo wa kufuatwa wala mapigo ya kuhesabiwa. Sauti nyingi hukaa pamoja kama ukungu unaosogea polepole. Mwaka wa 1968 mtayarishaji wa filamu Stanley Kubrick aliitumia kazi hiyo, pamoja na nyingine za Ligeti, katika filamu ya *2001: A Space Odyssey*, bila kumwomba mtunzi ruhusa. Mamilioni ya watu waliusikia muziki wake kwa njia hiyo, na wengi wao hadi leo hawajui jina lake. Hapa swali la mwenye kazi linajitokeza kwa sura ya kwanza: mtunzi aliyepokonywa, na papo hapo akatangazwa.

Kuanzia mwaka wa 1973 hadi 1989 Ligeti alikuwa profesa wa utunzi mjini Hamburg. Opera yake, *Le Grand Macabre*, ilitumbuizwa kwa mara ya kwanza mjini Stockholm mwaka wa 1978. Baada ya hapo kilifuata kipindi cha miaka kadhaa ambacho alitoa kazi chache sana. Maradhi yalichangia, lakini chanzo kikuu kilikuwa cha kisanaa. Mbinu zake za zamani zilikuwa zimemchosha, na mbinu za watunzi vijana hazikumridhisha. Mtunzi yeyote aliyewahi kukaa mbele ya karatasi tupu siku baada ya siku anajua kwamba hali hiyo si uvivu. Ni kama kisima kilichokauka, ambacho mwenyewe huendelea kukichungulia kila asubuhi.

Maji yalirudi kutoka pande mbili zisizotarajiwa. Mnamo 1980 Ligeti alipata santuri za Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyeishi Mexico na kutunga muziki kwa ajili ya piano inayojipiga yenyewe. Nancarrow alitoboa matundu katika mikunjo ya karatasi, tundu moja baada ya jingine, na piano hiyo ikasoma matundu na kupiga kasi nyingi tofauti kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa mikono ya binadamu. Kisha mwaka wa 1982 mwanafunzi wake kutoka Puerto Rico, Roberto Sierra, alimletea santuri ya muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na mtafiti Simha Arom.

Inafaa kueleza kwa kina kilichomo katika muziki huo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wabanda-Linda wana kikundi cha wapiga baragumu ambamo kila mtu ana baragumu lenye sauti moja tu. Mmoja peke yake hawezi kupiga wimbo. Wimbo huzaliwa pale kila mmoja anapoingiza sauti yake mahali pake hasa, si mapema wala si baadaye, na zote zikasukana kama ukili wa mkeka. Hakuna kiongozi anayesimama mbele na kuhesabu. Kila mpigaji hubeba ndani ya mwili wake pigo dogo la haraka linalomwunganisha na wenzake.

Muziki wenye msingi kama huo upo pia Afrika Mashariki. Waganda wana amadinda, marimba yenye mbao 12 ambayo hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana, na kila mmoja hupiga pale mwenzake anapoacha nafasi. Wa tatu huokota mfuatano fulani na kuurudia kwa mbao mbili za sauti ya juu kabisa. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, alijifunza muziki huo nchini Uganda kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 1959 chini ya Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa kasri la Kabaka. Kubik alieleza jambo la ajabu katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1962: msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mpigaji mmoja anayezipiga. Mikono ya watu wawili huingiliana kwa kasi, na sikio huzikusanya sauti za juu upande mmoja na za chini upande mwingine, zikawa nyimbo mpya zinazoelea juu ya kazi ya mikono. Aidha, msikilizaji ajuaye Kiganda huweza kusikia ndani ya nyimbo hizo maneno ya lugha yake. Kwa mwanaisimu, hilo ni funzo la kutosha muhula mzima: maana ambayo haimo katika sauti ya mtu yeyote mmoja, ila imo katika makutano ya sauti zao na masikio ya jamii.

Ligeti alizisoma na kuzisikiliza kazi za Arom na Kubik kwa uangalifu. Akajiuliza: je, kinachofanywa na kikundi cha watu, au na mtambo wa Nancarrow, hakiwezi kufanywa na binadamu mmoja mwenye mikono miwili na vidole kumi? Jibu lake ni mkusanyo wa vipande vya piano uitwao *Études*, yaani mazoezi, alioutunga kuanzia mwaka wa 1985 hadi 2001. Viko 18 katika vitabu vitatu: sita, vinane na vinne. Kitabu cha kwanza kilimpatia tuzo ya Grawemeyer nchini Marekani mwaka wa 1986, na leo mkusanyo huo mzima huhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za piano za karne ya ishirini.

Kipande cha kwanza, *Désordre*, yaani vurugu, chatosha kuwa mfano. Mkono wa kulia hupiga vibao vyeupe vya piano pekee, na wa kushoto hupiga vyeusi pekee. Mikono yote miwili huenda kwa pigo moja la haraka, na mwanzoni mikazo yake huangukia mahali pamoja. Kisha, kidogo kidogo, mkazo wa mkono mmoja humtangulia mwenzake kwa pigo moja, baadaye kwa mapigo mawili, hadi msikilizaji anapohisi kwamba watu wawili wanapiga nyimbo mbili kwa kasi mbili. Katika kipande cha tatu, *Touches bloquées*, mkono mmoja hushikilia vibao kadhaa chini kimyakimya, na mwingine hukimbia juu yake; kila kidole kinapogusa kibao kilichokwisha kushikiliwa, hakuna sauti. Mpigaji anapiga mfululizo bila kusita, lakini hadhira inasikia kigugumizi. Na katika cha sita, *Automne à Varsovie*, huonekana kana kwamba mtu mmoja anakwenda kwa kasi tatu au nne kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo lile jambo dogo la miaka 14 linaporudi na uzito wake. Ligeti hakuweza kuvipiga vipande vyake mwenyewe kwa namna alivyovitaka. Alikiri waziwazi kwamba kilichomsukuma kuvitunga ni udhaifu wake katika upigaji wa piano: alitamani mno kuwa mpigaji hodari, hakujaliwa, na tamaa hiyo ikageuka kuwa utunzi. Kwa hiyo alikuwa na kazi iliyomhitaji mtu mwingine, na mtu huyo asingekuwa yeyote tu.

Pierre-Laurent Aimard alizaliwa tarehe 9 Septemba 1957 katika mji wa Lyon, Ufaransa, takriban miezi tisa baada ya Ligeti kuvuka mpaka usiku. Njia yake ilikuwa nyoofu pale ambapo ya mwenzake ilipindapinda. Alisoma katika chuo cha muziki cha Paris chini ya Yvonne Loriod, mke wa mtunzi Olivier Messiaen, na huko London akafunzwa na Maria Curcio. Mwaka wa 1973, akiwa kijana asiyezidi miaka 16, alishinda shindano la piano lililopewa jina la Messiaen. Mwaka wa 1976 mtunzi na kiongozi wa okesta Pierre Boulez alipounda Ensemble InterContemporain, kikundi cha kupiga muziki wa wakati wake, Aimard alikuwa miongoni mwa wanachama waanzilishi akiwa na umri wa miaka 19. Alikaa humo miaka 18.

Uamuzi huo haukuwa wa kawaida. Kijana mwenye kipaji na tuzo ya kimataifa hutarajiwa kuzunguka dunia akipiga kazi za Beethoven, Chopin na Liszt, kazi ambazo hadhira inazijua na kuzilipia. Aimard alichagua kutumia ujana wake ndani ya kikundi, akijifunza kila juma maandishi mapya ya watunzi walio hai, ambayo mengine yangepigwa mara moja au mbili tu na kusahaulika. Ni sawa na msomi chipukizi aliyejitolea kuhariri miswada ya waandishi wasiojulikana badala ya kuandika uhakiki wa ishirini juu ya riwaya iliyokwisha kuhakikiwa. Shukrani ni chache, na jina huchelewa kujulikana. Lakini alipotoka humo alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, yaani uwezo wa kuisoma lugha ambayo bado haijaandikiwa sarufi.

Ujuzi huo ndio Ligeti aliokuwa akiuhitaji. Kuanzia miaka ya 1980 wawili hao walishirikiana kwa karibu hadi mwisho wa maisha ya mtunzi. Ligeti alijulikana kwa ukali katika mazoezi. Hakuona haya kumsimamisha mpigaji kwa ajili ya mkazo mmoja uliokaa vibaya. Mpigaji kwa upande wake alimwonyesha mtunzi kinachowezekana. Kila mara kidole kilipoweza zaidi ya ilivyodhaniwa, kalamu nayo ilipata ujasiri wa kudai zaidi. Baadhi ya *Études* zimetabarukiwa kwa Aimard, na katika miaka ya 1990 alirekodi kazi za piano za Ligeti katika mfululizo wa sidii uliosimamiwa na mtunzi mwenyewe. Mpaka wa uwezo wa binadamu ulikuwapo, na Ligeti aliugusa: toleo la kwanza la kipande cha 14 lilikuwa gumu kupita kiasi, akaliandika upya kwa ajili ya mwanadamu na kuliacha lile la awali kwa piano inayojipiga.

Kuilinganisha mikondo ya maisha ya wawili hawa ni kuona tofauti ya fani zenyewe. Maisha ya mtunzi yalijaa mikatiko: vita, uhamisho, ukimya, kuanza upya. Alipotunga kipande cha kwanza cha *Études* alikuwa amepita miaka 60. Maisha ya mpigaji yalianza mapema na kwenda bila kukatika, kwa kuwa mwili hausubiri, na vidole vinahitaji mazoezi ya kila siku. Mtunzi alipata riziki kwa ualimu na kwa kuagiziwa kazi. Mpigaji kwa maonyesho, rekodi na safari zisizokoma. Mtunzi akishamaliza kazi, kazi humtoka mkononi na kwenda zake. Mpigaji hamalizi kamwe, kwani alichopiga vizuri jana hakimwokoi leo.

Ligeti alifariki mjini Vienna tarehe 12 Juni 2006 akiwa na umri wa miaka 83. Tangu hapo Aimard amekuwa mfano wa mwosia aliyeachiwa amana. Ameendelea kuzipiga *Études* katika kumbi za dunia, amezifundisha kwa vijana, na ameandaa mafunzo ya video juu ya kazi hizo. Aliongoza tamasha la Aldeburgh, Uingereza, kuanzia mwaka wa 2009 hadi 2016, na katika mwaka wake wa mwisho alipiga *Catalogue d'oiseaux* ya Messiaen, kazi inayohusu nyimbo za ndege, kwa sehemu zilizoanza alfajiri na kumalizika usiku wa manane, ili kila ndege asikike katika saa yake. Mwaka wa 2017 alitunukiwa tuzo ya Ernst von Siemens, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa zaidi za muziki.

Mpaka hapa hadithi ni ya kupendeza: vidole viwili vimevunja chawa. Lakini mhakiki mwaminifu hana budi kuuliza vidole vingine viko wapi. Majina ya Ligeti na Aimard yameandikwa juu ya sidii. Majina ya wapiga baragumu wa Kibanda-Linda hayajulikani na mashabiki wao. Evaristo Muyinda anajulikana na wataalamu wachache. Wakati Kubik anaandika makala yake, muziki wa amadinda ulikuwa bado na makao rasmi katika kasri la Kabaka. Mwaka wa 1966 majeshi ya serikali ya Uganda yalilivamia kasri hilo, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Zilirejeshwa mwaka wa 1993, lakini wanamuziki wa kasri walikuwa wamekwisha tawanyika, na wengi wao wamezeeka au kufariki. Basi katika miaka ile ile mbinu za kuingiliana kwa mapigo zilipokuwa zikishangiliwa Ulaya, mojawapo ya makao yake makuu Afrika Mashariki yalikuwa magofu.

Je, Ligeti aliiba? Kusema hivyo ni kumdhulumu. Hakunakili wimbo wowote wa Kiafrika; alichukua kanuni, na kanuni haina mwenyewe, kama vile utenzi wenye asili ya mapokeo ya Kiarabu ulivyopata uhai mpya mikononi mwa washairi wa Pate na Lamu. Isitoshe, alikiri deni lake hadharani, tena aliandika dibaji ya kitabu cha Arom kuhusu muziki huo kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka wa 1991. Naye Aimard mwaka wa 2003 alishiriki katika sidii iitwayo *African Rhythms*, ambamo *Études* za Ligeti na kazi za Mmarekani Steve Reich zimewekwa bega kwa bega na nyimbo za Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati zikiimbwa na Waaka wenyewe. Huo ni uungwana. Hata hivyo, uungwana wa mgeni hauwezi kufanya kazi ya mwenyeji. Kama Waafrika hawaandiki majina ya mafanani wao, hawarekodi, hawahakiki na wala hawatungi juu ya msingi huo, hawana haki ya kushangaa jina la mwingine linapowekwa juu ya jalada. Wapo walioliona hilo mapema. Akin Euba wa Nigeria alitumia maisha yake akijenga upigaji wa piano wenye msingi wa Kiafrika, na Justinian Tamusuza wa Uganda aliziandikia fidla na sela mapigo ya Kiganda, kazi yake ikarekodiwa na Kronos Quartet katika sidii ya mwaka wa 1992.

Fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wake juu ya jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa, yangeweza kuzama na kizazi kilichoyasikia. Yalinusurika kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, yakapitia mikononi mwa William Taylor, na hatimaye yakachapishwa na William Hichens mwaka wa 1940. Wanafunzi wengi wanamjua Muyaka. Wangapi wanamjua Mwalimu Sikujua? Kwa upande mwingine, katika taarab mambo hugeuka. Sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka wa 1928, imebaki mioyoni mwa watu, ilhali waliomtungia baadhi ya nyimbo hawatajwi ila na watafiti. Katika muziki wa klasiki mtunzi hukumbukwa na mpigaji husahaulika. Katika taarab mwimbaji hukumbukwa na mtunzi husahaulika. Jamii hujichagulia ni nani wa kumsahau, na uchaguzi huo hauna uhusiano wowote na ukubwa wa mchango wa mtu.

Hivyo basi, jibu la swali lililoulizwa mwanzoni haliwezi kuwa jina moja. Kazi ni ya aliyeitunga, kwa kuwa bila yeye isingalikuwapo. Ni ya aliyeitenda, kwa kuwa bila yeye isingalisikika. Ni ya wale ambao mbinu zao zilitangulia, kwa kuwa bila wao isingalifikiriwa. Na ni ya aliyeitunza, kwa kuwa bila yeye isingalifika. Hadhi ya Ligeti haikupungua alipokiri kwamba vidole vyake havikutosha. Hadhi ya Aimard haikupungua alipokubali kutumia miongo ya maisha yake kuwa sauti ya wengine.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda nyanjani na kinasa sauti chake ana wajibu ulio wazi. Anaporudi na utenzi, wawe au ngano, na aandike jina la aliyeitamba, kijiji chake, na mwaka. Anapokariri shairi jukwaani, na amtaje mtunzi kabla ya ubeti wa kwanza. Anaposifiwa kwa tasnifu nzuri, na akumbuke babu na bibi waliokaa naye jioni nzima wakijibu maswali yake. Kufanya hivyo si hisani kwa yeyote. Ni kulipa deni, na deni la jina ndilo jepesi kuliko yote kulilipa, nalo ndilo linalodhulumiwa mara nyingi zaidi.